Mathari: Hesabu Ndogo Iliyozaliwa na Vitanda Vichache

Kati ya mwaka 1939 na 1943, Waafrika 558 nchini Kenya waliandikwa rasmi na serikali ya kikoloni kuwa wendawazimu. Aliyezikusanya hesabu hizo ni John Colin Carothers, daktari aliyeisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 1947 akazichapisha katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza. Idadi hiyo ikigawanywa kwa miaka mitano na kulinganishwa na wakazi wa Kenya wa wakati ule, inatoa watu 3.4 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango cha chini mno kuliko vile vya Ulaya na Marekani. Carothers hakukomea kwenye tarakimu. Alihitimisha kwamba Mwafrika anayeishi kwao, ndani ya mila zake, ni nadra kupatwa na wazimu, kisha akaanza kutafuta sababu: kwanza katika malezi na namna ya kufikiri ya Mwafrika, baadaye katika ubongo wenyewe. Dai langu katika makala haya ni moja. Ile 3.4 ilipima upana wa mlango wa hospitali moja tu, na mlango huo ulikuwa mwembamba tangu siku ulipofunguliwa. Kilichofuata ndicho kilichodhuru zaidi: wembamba wa mlango ukageuzwa kuwa maarifa kuhusu Mwafrika, na maarifa hayo yakaipa serikali sababu ya kutoupanua.

Mathari ilifunguliwa Julai 1910, wakati Nairobi ilikuwa mji wa reli usiozidi umri wa miaka kumi na michache. Majengo yake hayakuwa yamekusudiwa wagonjwa wa akili. Yalikuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mahali palipochaguliwa kwa kuwa pako nje ya mji, ili maradhi yasienee, pakaonekana panafaa pia kwa watu ambao maradhi yao hayaambukizi mtu yeyote. Kabla ya hapo aliyechanganyikiwa akaleta fujo alitupwa jela pamoja na wezi na wakosaji wa kodi. Jina la kwanza la taasisi lilitangaza tu kwamba hapo ndipo wendawazimu wa Nairobi wanapofungiwa. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari, na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikabaki Hospitali ya Mathari. Kenya haikuwa peke yake katika mwanzo wa namna hii. Mwaka huohuo wa 1910, huko Zomba katika Malawi ya leo, Waingereza walianzisha nyumba ya wendawazimu iliyoshikamana na gereza. Kwenye milima ya Usambara, Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wametangulia kwa miaka michache, wakiwapokea wagonjwa wa akili mahali palipoanzishwa kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Jela, kituo cha ndui, makao ya watumwa walioachwa huru: tiba ya akili ilianza katika nyumba zilizojengwa kwa shughuli nyingine, na shughuli hizo zote zilihusu watu ambao jamii mpya ya kikoloni haikujua iwaweke wapi.

Sheria nayo iliazimwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini ya kwanza, aliyepelekwa Mathari alipelekwa kwa mujibu wa sheria ya India ya mwaka 1858 kuhusu nyumba za wendawazimu, na Kenya ikapata sheria yake ya tiba ya akili mwaka 1933 tu. Inafaa kuitazama sheria hiyo ya India kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyoamua nani ahesabiwe. Iliwapa polisi wajibu wa kumkamata kila waliyemkuta akizurura na kuonekana ana wazimu, na kila waliyeamini kuwa ni hatari kwa sababu ya wazimu, kisha kumfikisha mbele ya hakimu. Kwa hiyo mkono wa kwanza kumshika mgonjwa ulikuwa wa askari. Daktari alikuja baadaye, kutoa cheti. Tafakari ni wagonjwa gani wanaopita katika chujio kama hilo. Kijana anayepiga kelele sokoni Nairobi na kurushia mawe magari ya wazungu atapita. Mtumishi wa nyumbani anayemtishia mwajiri wake kwa panga atapita. Mama aliyejifungua huko Kitui, akanyong'onyea, akaacha kula, akakaa kimya miezi mitatu pembeni mwa nyumba ya mama mkwe wake, hatapita kamwe. Hakuna askari atakayemwona, na hata angemwona, hakuna kifungu cha sheria kinachomhusu. Mzee aliyepoteza usingizi na matumaini baada ya kupokonywa shamba hatapita pia. Sonona haizururi barabarani.

Hesabu za Carothers zenyewe zilikuwa na ushahidi wa jambo hili, laiti angezisoma kwa jicho jingine. Aligundua kwamba kiwango cha waliothibitishwa kuwa na wazimu kilikuwa kikubwa zaidi kati ya Waafrika walioajiriwa mbali na makwao, mijini na kwenye mashamba ya walowezi, kuliko kati ya waliobaki vijijini. Akaeleza kwamba Mwafrika akitolewa katika kabila lake hupoteza nguzo zinazomshikilia, na akili hulegea. Maelezo hayo yalipendwa sana wakati ule, na bado yana wafuasi. Sikatai kwamba kuishi peke yako katika kambi ya vibarua, kwa ujira wa kubahatisha na kipande cha utambulisho shingoni, kunaweza kumvunja mtu. Lakini iko sababu iliyo karibu zaidi, ambayo haihitaji nadharia yoyote ya kabila. Mjini na shambani kuna polisi, kuna mwajiri anayetaka kibarua mwingine kesho asubuhi, kuna hakimu, kuna gari la moshi la kuelekea Nairobi. Huko Turkana au bonde la Tana hakuna hata kimoja. Wagonjwa walionekana wengi pale ambapo dola ilikuwa na macho, na wachache pale ambapo haikuwa nayo. Mvuvi hahesabu samaki wa ziwa zima kwa kuangalia walionaswa katika wavu wake wa ufukweni.

Kisa cha Elijah Masinde kinaonyesha upande mwingine wa mlango ule. Masinde, aliyetoka Kimilili katika nchi ya Wabukusu, aliwahi kuwa mchezaji kandanda mashuhuri kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warudi kwenye ibada za mababu na kuikataa serikali ya wazungu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipinga amri za kilimo na za kuwapeleka watu kazini kwa nguvu. Mwaka 1944 akafungwa. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, akakaa huko hadi mwaka 1947. Alipotoka aliendelea na mahubiri yaleyale, na mwaka uliofuata dini yake ikapigwa marufuku. Mtu anaweza kusema kwamba huenda Masinde alikuwa mgonjwa kweli. Manabii wengi husikia sauti, na kusikia sauti si kinga dhidi ya ugonjwa. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, tazama mfuatano wa matukio. Alipelekwa hospitali na watawala aliowashinda nguvu kwa maneno, baada ya jela kushindwa kumnyamazisha, na kitu kilichoitwa dalili ni mafundisho ambayo maelfu ya watu wenye akili timamu waliyafuata. Daktari anayepokea mgonjwa kwa njia hiyo amekwisha kupewa jibu kabla ya kumpima. Na katika takwimu za miaka ile, mtu kama Masinde ni kitengo kimoja, sawa na kijana mwenye kaswende iliyopanda kichwani au mtu mwenye malale.

Wazungu waliolazwa Mathari wanaithibitisha hoja hii kwa namna isiyotarajiwa. Hospitali ilikuwa na wodi za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na chakula chake, vitanda vyake na hadhi yake. Mwanahistoria Will Jackson, aliyesoma mafaili ya wagonjwa wa kizungu wa Mathari na kuandika kitabu juu yao mwaka 2013, alionyesha kwamba wengi walikuwa watu walioiaibisha jamii ya walowezi: mafukara wasio na ardhi, walevi, wanawake waliosemekana kuvuka mipaka ya rangi katika mapenzi, wanaume walioshindwa kuishi kama mabwana. Baadhi ya Wazungu walihamishiwa Afrika Kusini au kurudishwa Uingereza, kwa kuwa Mzungu aliyevunjika mbele ya macho ya watumishi wake lilikuwa jambo lisilovumilika katika koloni lililosimama juu ya dhana ya ubora wa Mzungu. Sisemi hawakuteseka. Mafaili yao yamejaa mateso. Nasema kwamba kwao pia, kilichowafikisha hospitalini ni usumbufu waliouletea utaratibu wa nchi, kabla ya uzito wa maradhi yao. Tofauti ni kwamba hakuna aliyechukua hesabu ya Wazungu wa Mathari akatangaza duniani hali ya akili ya Mzungu.

Ya Mwafrika ilitangazwa. Kabla ya Carothers, hospitali ilikuwa chini ya H. L. Gordon, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa vinara wa kikundi cha Nairobi kilichojiita cha kuboresha mbari. Mwenzake katika fikra hizo, F. W. Vint, alipima bongo za maiti za Waafrika na mwaka 1934 akachapisha kwamba gamba la ubongo wao ni jembamba kuliko la Wazungu. Walitaka serikali ya Uingereza igharamie utafiti zaidi, London ikakataa, na fikra hizo zikaanza kuonekana aibu hata kwa Waingereza wenyewe. Carothers alikuwa mtu mwenye maneno laini kuliko Gordon. Alizaliwa Afrika Kusini, akasomea udaktari London, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali, na alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938 hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Aliwatumikia mamia ya wagonjwa kwa miaka mingi, na haifai kumchora kama zimwi. Lakini mwaka 1951 aliandika kwamba tabia ya Mwafrika wa kawaida inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyoueleza uasi ule kama msukosuko wa nafsi za watu waliokwama kati ya mila na maisha mapya. Ardhi, iliyokuwa kiini cha uasi huo, ikabaki nyuma. Miaka mitatu tu kabla ya kitabu hicho cha 1953, UNESCO ilikuwa imekusanya wataalamu na kutamka kwamba hakuna uthibitisho wa tofauti za kuzaliwa za akili kati ya mbari. Mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakiuambia ulimwengu mambo mawili, na lile la afya lilikuwa limemtegemea daktari ambaye dirisha lake la kuitazama Afrika lilikuwa lango la Mathari. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alilishambulia wazo hilo la ubongo uliokatwa katika kitabu chake cha mwaka 1961, na T. A. Lambo wa Nigeria alikuwa ameshayakosoa maandishi ya aina hiyo miaka michache kabla yake.

Duara lenyewe sasa linaonekana. Vitanda ni vichache, kwa hiyo wanaolazwa ni wachache. Wanaolazwa ni wachache, kwa hiyo wagonjwa ni wachache. Wagonjwa ni wachache, kwa hiyo vitanda vinatosha. Kila koloni la Waingereza katika eneo hili lilizungushwa na duara hilihili na kupewa nyumba moja: Kenya na Mathari, Tanganyika na Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, Nyasaland na Zomba. Uganda iliwatunza wagonjwa wake katika gereza la Hoima, kisha Mulago, kabla ya kujengewa Butabika mwaka 1955. Mtu wa Lamu au wa Mandera aliyeugua alitegemea hospitali iliyo safari ya siku kadhaa. Jambo linaloniuma zaidi ni hili: Mathari ilijaa kupita kiasi takriban muda wote huo. Nyumba iliyosemekana kuhitajiwa na wachache ilikuwa haina pa kulaza watu. Msongamano huo ulitosha kumwambia mtu yeyote kwamba mahitaji yanazidi nafasi, na kwamba kuhesabu nafasi zilizojaa si kuhesabu wagonjwa. Uliandikwa katika taarifa za serikali mwaka baada ya mwaka kama tatizo la majengo, na nadharia ikaendelea na njia yake kana kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Liko pingamizi zito kutoka kwa wanahistoria wenyewe. Megan Vaughan, aliyechunguza Zomba na baadaye tiba ya kikoloni kwa upana, alieleza kwamba Afrika haikupata kufungiwa kwa halaiki kama kulivyosimuliwa kuhusu Ulaya. Waliolazwa walikuwa wachache mno. Kama hospitali ya akili ingekuwa chombo cha kutawalia, anauliza msomaji wa Vaughan, mbona wakoloni walikitumia kwa uchoyo hivyo? Nakubaliana na ukweli wa jambo hilo na sioni kwamba unaivunja hoja yangu. Serikali ya Kenya haikuhitaji Mathari ili kuwadhibiti watu. Ilikuwa na kipande, kodi ya kibanda, viboko, jela, na katika miaka ya 1950 kambi za vizuizi zilizowameza makumi ya maelfu ya watu. Nguvu ya Mathari ilikuwa kwingine. Kambi ya vizuizi humshika mtu mmoja mmoja, hata wakiwa wengi. Hesabu ya hospitali humshika kila mtu ambaye hakuwahi kuingia humo, kwa sababu inasema jambo kuhusu wote. Yule mama wa Kitui hakufungwa na Mathari. Aliambiwa tu, na watu wasiomjua, kwamba ugonjwa wake haupo katika mbari yake.

Pingamizi la pili ni la haki kwa wafanyakazi wa zamani. Linasema: mnawahukumu watu wa 1910 kwa vipimo vya leo. Duniani kote, London kwenyewe, hospitali za akili zilikuwa mahali pa kufungia, kwa sababu hakukuwa na dawa. Ni kweli. Tiba ya kuwaambukiza malaria wagonjwa wa kaswende ya ubongo ilianza Vienna mwaka 1917, na ilionekana kubwa kiasi cha kumpatia mvumbuzi wake Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Umeme ulianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930, na dawa ya kwanza iliyotuliza wazimu bila kumlaza mtu usingizi ilijulikana Ufaransa mwaka 1952. Mhudumu wa Mathari aliyemlisha na kumwosha mgonjwa katika miaka ya 1920 alifanya karibu yote yaliyowezekana, na mara nyingi alikuwa Mwafrika asiye na mafunzo wala mshahara wa maana, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote. Simlaumu huyo. Lakini ukosefu wa dawa unaeleza kwa nini wagonjwa hawakupona. Hauelezi kwa nini walihesabiwa vibaya. Kuhesabu hakukuhitaji dawa. Kulihitaji mtu kutoka nje ya lango, aende kijijini, aulize kwa lugha ya wenyeji, asikilize.

Tena wako wanaosema kwamba vijiji vilikuwa na utaratibu wake, kwamba waganga na koo ziliwatunza wagonjwa vizuri kuliko serikali ingaliweza, na kwa hiyo idadi ndogo hospitalini ni heshima kwa mila. Wazo hili huvutia kwa sababu linaturudishia fahari. Lina nusu ya ukweli. Ndugu waliwabeba wagonjwa wao miaka mingi, na matambiko ya kutoa pepo yaliwapa wengi nafasi ya kusema machungu yao mbele ya watu wanaowajali. Edward Margetts, Mkanada aliyeiongoza Mathari katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, alitumia muda mwingi kukusanya maarifa ya waganga, wakiwemo wapasuaji wa fuvu wa Kisii. Lakini vijijini kulikuwa pia na kamba, magogo ya kufungia miguu, kipigo cha kutoa shetani, na kutelekezwa porini. Minyororo hiyo haikwisha hadi leo. Kuisifia mila kwa ujumla ni kumwacha mgonjwa huyohuyo amefungwa kwenye mti, safari hii kwa baraka zetu. Na haikuwa lazima kuchagua kati ya kijiji na hospitali. Mwaka 1954, Lambo alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, mpango wa wagonjwa kupanga katika vijiji jirani pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa hospitalini. Ulifanyika Afrika, kwa fedha za kawaida, katika mwaka uleule ambao Nairobi ilikuwa ikichapisha saikolojia ya Mau Mau.

Linabaki swali gumu kuliko yote: je, kama Carothers alikuwa sahihi? Huenda wagonjwa walikuwa wachache kweli. Hapo ndipo ushahidi wa baadaye unapokuwa na neno. Margaret Field, aliyekaa kwenye mahali pa ibada vijijini Ghana, aliandika mwaka 1960 jinsi wanawake wa vijijini walivyomiminika huko wakiwa na kila alama ya sonona kali, wakijishtaki uchawi. Mwaka 1967 Raymond Prince alipitia ripoti za bara zima akaona jambo la ajabu: kabla ya mwaka 1957 sonona iliripotiwa kuwa adimu kwa Waafrika, na baada ya hapo ikaripotiwa kuwa ya kawaida. Ni vigumu kuamini kwamba maumbile ya watu wa bara zima yaligeuka mwaka Ghana ilipopata uhuru. Waliogeuka ni watazamaji. Mwaka 1979, John Orley na J. K. Wing walilinganisha wanawake wa vijiji viwili vya Uganda na wa mtaa mmoja wa London kwa vipimo vilevile, wakakuta sonona ni nyingi zaidi Uganda. Mwaka huohuo David Ndetei na John Muhangi waliwachunguza watu waliofika zahanati ya kawaida kijijini Kenya, waliokuja kwa maumivu ya kichwa, tumbo na mgongo, wakakuta mmoja kati ya watano ana maradhi ya akili. Hakuna aliyekuwa ameletwa na polisi. Mtu anaweza kusema maisha yalikuwa yamebadilika kati ya 1943 na 1979, na yalikuwa yamebadilika. Lakini mabadiliko ya kutoka watatu katika laki moja hadi mmoja katika kila watano waliopanga foleni zahanati hayawezi kuelezwa kwa barabara na redio. Vipimo hivyo viwili havikuhesabu kitu kimoja, na hilo ndilo nisemalo: cha kwanza kilihesabu waliokamatwa.

Baada ya uhuru vitengo vya akili vilifunguliwa katika hospitali za Nakuru, Nyeri, Machakos, Port Reitz huko Mombasa na kwingineko, Mathari ikapata msimamizi Mwafrika wa kwanza, Dkt. Samuel Gatere, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa akili katika miaka ya 1970. Hizo ni hatua halisi. Hata hivyo, Mathari ilibaki kitovu cha kila kitu, na msongamano wake ukabaki. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka kwa pamoja, na nchi ikashangaa kwa siku chache. Kikosi kazi cha kitaifa kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipotoa ripoti mwaka 2020, kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Kaunti nyingi zitaanza kwa kupanga bajeti, na afisa wa mipango atafungua daftari la hospitali yake aone ni wagonjwa wangapi wa akili waliotibiwa mwaka uliopita. Katika kaunti isiyo na muuguzi wa akili atakuta wachache, pengine hakuna, na atashawishika kutenga fedha kwa kiasi hicho. Kabla hajaandika tarakimu hiyo, awatume wahudumu wa afya wa jamii nyumba kwa nyumba. Wahudumu hao wapo, wanajua njia za kila kijiji, na tayari wanauliza kuhusu malaria, chanjo na wajawazito. Kuongeza maswali kumi kuhusu usingizi, hofu, huzuni na sauti zisizosikiwa na wengine hakuhitaji jengo jipya wala daktari bingwa, na kutampa afisa yule hesabu ambayo Mathari haikuwahi kuitafuta katika miaka yake arobaini ya kwanza.